Kwa nini filamu za kuchekesha za mwanzo wa vita ziliwapenda askari walio livu

SWALI: Nasimamia kikundi cha vijana cha maigizo hapa Tanga. Tunataka kuandaa mchezo wa kuchekesha kuhusu askari watatu waliopewa likizo ya siku chache wakati wa vita. Rafiki yangu alinionyesha Sailors Three, filamu ya Uingereza ya 1940, nikacheka sana, lakini nilibaki na maswali. Mwaka ule London ilikuwa inapigwa mabomu. Watu walipata wapi moyo wa kucheka? Ilikuwa propaganda ya serikali tu? Na kwa nini wachekeshaji wawe askari walio likizo, si walio mstari wa mbele?

JIBU: Ndugu mwalimu, naomba nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalofungua mengine.

Askari aliye likizo yuko mahali pa pekee katika hadithi ya vita. Sare anayo, vita vinamngoja, lakini kwa saa chache hakuna mtu wa kumpigia kelele za amri. Mwandishi wa vichekesho hawezi kuomba zaidi ya hapo. Mweke mtu huyohuyo kwenye handaki, kila kosa lake linaweza kumuua mwenzake, na watazamaji wanalijua hilo hata kama hujawaonyesha. Mvue sare umrudishe kwao moja kwa moja, vita vimekwisha na hadithi imekwisha navyo. Likizo inaruhusu kosa lizae aibu badala ya maiti, huku saa ya kurudi kambini ikikimbia.

Yupo aliyethubutu kuchekesha mstari wa mbele wenyewe. Charlie Chaplin alitoa Shoulder Arms Oktoba 1918, Vita vya Kwanza vikiwa bado vinapiganwa, na humo yuko ndani ya handaki lenye maji, panya na mizinga. Lakini angalia alivyojikinga. Mwanzoni tunamwona kuruta asiyejua hata kugeuka kwenye paredi, anachoka, anajitupa kitandani ndani ya hema. Ushujaa wote unaofuata, hadi kumkamata mfalme wa Ujerumani, ni ndoto. Hata Chaplin, kwa kipaji chake chote, alihitaji mlango wa kumtoa askari wake vitani kabla hajaanza kumchekesha mtu. Yeye alitumia usingizi. Waandishi wa 1940 walitumia likizo.

Sasa tuje kwenye filamu uliyoiona. Ilitengenezwa Ealing, studio ya magharibi mwa London iliyokuwa chini ya Michael Balcon tangu 1938. Mwongozaji alikuwa Walter Forde, aliyeanza kazi kama mchekeshaji wa filamu bubu, na asili hiyo inaonekana jinsi anavyojua kuupanga mwili wa mwigizaji kwenye ngazi, mlango na kamba. Mabaharia wake watatu ni Tommy Trinder, Claude Hulbert na Michael Wilding. Wanateremka pwani katika bandari ya nchi ya Amerika Kusini isiyo upande wowote wa vita, wanalewa, na wakati wa kurudi wanapanda meli isiyo yao. Wakija kuzinduka wako ndani ya manowari ya Kijerumani, Ludendorff. Mbuzi kafia kwa muuza supu! Sehemu iliyobaki ni jinsi watu hao watatu, ambao jana hawakuweza hata kuitambua meli yao, wanavyoiteka meli ya adui.

Kwa mtazamaji wa leo hicho ni kichekesho cha kubuni. Kwa Mwingereza wa 1940 kilikuwa kinagusa habari aliyoisoma gazetini mwaka mmoja kabla, na hapo ndipo penye utamu ambao wewe na mimi tunaukosa tusipoijua habari yenyewe.

Meli ya Kijerumani Admiral Graf Spee ilikuwa imetoka Ujerumani Agosti 1939, kabla vita havijatangazwa. Ilikuwa na mizinga 6 mikubwa ya sentimita 28, na kazi yake ilikuwa kuwinda meli za mizigo. Ilizamisha 9. Moja kati ya hizo, meli ndogo ya mafuta iliyoitwa Africa Shell, ilizamishwa tarehe 15 Novemba 1939 karibu kabisa na pwani ya Msumbiji, katika Bahari yetu ya Hindi. Kisha Graf Spee ikarudi Atlantiki, na tarehe 13 Desemba ikakutana na manowari tatu za upande wa Uingereza, Exeter, Ajax na Achilles, karibu na mlango wa mto Plate. Walipigana, zaidi ya watu 100 wa pande zote mbili wakafa, na meli ya Kijerumani ikakimbilia Montevideo, bandari ya Uruguay, nchi isiyokuwa vitani.

Sheria ya bandari kama hizo ilitokana na mkataba wa The Hague wa 1907. Manowari ya nchi iliyo vitani hairuhusiwi kukaa zaidi ya saa 24, isipokuwa kama imeharibika. Tena, meli ya upande mmoja ikiondoka, manowari ya adui iliyomo bandarini lazima isubiri saa 24 kabla ya kuifuata. Uruguay iliwapa Wajerumani saa 72. Waingereza nao wakaitumia kanuni hiyo ya pili kwa ujanja mkubwa: wakaondosha meli ya mizigo ili Graf Spee isiruhusiwe kutoka, huku wakieneza uvumi kwamba manowari zao kubwa zimeshafika nje ya bandari. Tarehe 17 Desemba Kapteni Hans Langsdorff aliitoa meli yake nje kidogo na kuilipua mwenyewe, umati wa watu ukitazama kutoka ufukweni. Siku chache baadaye alijiua kwa risasi mjini Buenos Aires.

Unaona basi filamu ilikopa nini. Bandari ya Amerika Kusini isiyo upande wowote, maadui wanaoweza kupishana barabarani bila kurushiana risasi, na manowari ya Kijerumani iliyoshindwa kwa hila kuliko kwa mizinga. Waandishi wa Ealing walichukua ushindi wa kwanza mkubwa wa jeshi lao la majini katika vita vile wakawapa watu wa cheo cha chini kabisa. Hakuna amiri anayetoa mpango. Kuna baharia wa mtaani mwenye mdomo mrefu, rafiki yake mpole asiyeelewa kinachoendelea, na kijana mmoja mtanashati.

Huyo mwenye mdomo mrefu, Tommy Trinder, anastahili maneno machache. Alikuwa mtoto wa London kusini, mchekeshaji wa jukwaani kwanza na wa filamu baadaye. Alizoea kusema na ukumbi uliojaa, kumjibu mlevi aliyeko kiti cha nyuma na kusonga mbele bila kuvuta pumzi. Mtazame tena utaona hachezi kama mtu aliyekariri. Anaongea kana kwamba maneno yanamjia palepale, na macho yake yanakutafuta wewe uliyekaa. (Wapenzi wa soka watafurahi kujua kwamba ni huyuhuyu aliyekuja kuwa mwenyekiti wa klabu ya Fulham kuanzia 1959, na mwaka 1961, chini yake, Johnny Haynes akawa mchezaji wa kwanza Uingereza kulipwa pauni 100 kwa wiki.) Hulbert alikuwa bingwa wa kucheza bwana wa tabaka la juu mwenye akili nzito, na Wilding ndiye wa kupendwa na wasichana. Kuwachanganya watu wa matabaka tofauti ndani ya sare moja ilikuwa nusu ya kichekesho, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa nchini. Sheria ya kuandikishwa jeshini ilipitishwa siku ileile vita vilipotangazwa, 3 Septemba 1939, ikawagusa wanaume wa miaka 18 hadi 41. Karani, mwana wa lodi na mchuuzi wa samaki walijikuta bweni moja.

Sasa swali la moyo wa kucheka. Ukweli ni kwamba serikali yenyewe mwanzoni ilidhani watu hawapaswi kwenda sinema kabisa. Siku vita vilipoanza kumbi zote zilifungwa kwa hofu kwamba bomu moja lingeua mamia kwa mkupuo. George Bernard Shaw, mwandishi mkongwe wa tamthilia, aliandika kwenye gazeti la The Times kuilaani hatua hiyo na kuiita ujinga uliokosa ubunifu. Ndani ya wiki chache kumbi zilifunguliwa. Mwaka 1939 Waingereza walinunua kama tiketi milioni 19 kila wiki. Kufikia 1945 idadi ilipita milioni 30, katika nchi ya watu wasiofika milioni 50. Vita havikuwatoa watu sinema, viliwajaza humo.

Mabomu ya usiku London yalianza tarehe 7 Septemba 1940 na yakaendelea usiku 57 mfululizo. Ving'ora vilipolia, tangazo lilitokea kwenye skrini au meneja alipanda jukwaani kusema shambulio limeanza, anayetaka kuondoka aondoke. Wengi walikaa. Kuna usiku ambao filamu iliisha na hatari bado haijapita, basi watu wakabaki ndani wakiimba pamoja hadi king'ora cha usalama. Naomba uwafikirie watazamaji hao unaposema walicheka vita. Mule ukumbini kulikuwa na vijana wenye sare na pasi ya saa 48 mfukoni, wamekaa na wachumba wao, wakijua Jumatatu ni treni na kambi. Filamu ya askari walio livu ilikuwa inatazamwa na askari walio livu. Mzaha wa kuchelewa kurudi melini haukuhitaji maelezo kwa mtu aliyekuwa akichungulia saa yake gizani. Nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya aina hii ya filamu kushamiri, kuliko nadharia yoyote ya wanazuoni kuhusu ari ya taifa.

Kuhusu propaganda, jibu langu ni kwamba ilikuwamo lakini haikuamriwa kwa simu kutoka wizarani. Kulikuwa na Wizara ya Habari yenye idara ya filamu, na kulikuwa na bodi ya ukaguzi iliyopitia hati za filamu na kuondoa kinachoweza kumsaidia adui. Balcon hakuhitaji kusukumwa. Aliamini kabisa kwamba studio yake ina wajibu katika vita vile, na mwaka huohuo wa 1940 Ealing ilitoa pia Let George Do It!, ambamo mpiga ukulele George Formby anajikuta Norway akiandamwa na majasusi, kisha anaota anampiga Hitler ngumi. Isitoshe, serikali ilishajifunza kutumia kicheko: mabango ya mchoraji Fougasse ya 1940, yaliyowaonya watu wasiropoke siri, yalimchora Hitler akiwasikiliza wanawake wawili wanaopiga soga kwenye basi. Onyo hilo liliingia moja kwa moja kwenye vichekesho vya likizo. Baharia aliyelewa katika bandari ya ugenini ni mtu mwenye siri kichwani na ulimi uliolegea, na kila anayemnunulia kinywaji anaweza kuwa jasusi. Onyo la bango linageuka kuwa kisa.

Nitakuwa mkweli kwako kuhusu udhaifu wake. Wajerumani wa Sailors Three ni wepesi mno kudanganywa. Wanapiga saluti, wanafoka, wanageuzwa kama watoto. Kapteni halisi wa Graf Spee alikuwa mtu wa namna nyingine: katika kuzamisha meli zile 9 hakuua baharia hata mmoja wa meli hizo, na mateka aliokuwa nao walimzungumzia kwa heshima. Adui mwenye utu na akili angeifanya hila ya wale watatu iwe tamu zaidi, maana kumshinda mpumbavu hakuna sifa. Halafu kuna suala la wakati. Wazo la filamu lilizaliwa kutokana na ushindi wa Desemba 1939, siku ambazo vita vilikuwa bado mbali na mitaa ya London. Ilipofika kumbini mwishoni mwa 1940, Ufaransa ilikuwa imeanguka, na mji wa Coventry ulikuwa umeunguzwa usiku wa 14 Novemba. Ealing yenyewe ilibadilika: mwaka 1942 Trinder huyohuyo aliigiza katika The Foreman Went to France, hadithi nzito zaidi iliyotokana na tukio la kweli. Ule wepesi wa mabaharia watatu ni wa mwanzo wa vita, na haukurudi kwa namna ileile.

Wazo la likizo lenyewe halikufa, na wala halikuwa la Waingereza peke yao. Ujerumani mwaka 1941 ilitoka Sechs Tage Heimaturlaub, filamu nyepesi ya mapenzi iliyoongozwa na Jürgen von Alten, kuhusu askari aliyepewa siku sita za kwenda nyumbani. Adui naye alikuwa anahesabu siku. Marekani mwaka 1942 studio ya RKO ilitoa Seven Days' Leave, iliyoongozwa na Tim Whelan: askari aliyechezwa na Victor Mature anaambiwa atarithi dola 100,000 kutoka kwa babu yake mkuu endapo atamwoa binti wa ukoo uliokuwa na uhasama na ukoo wao, naye ana likizo ya siku saba tu. Binti ni Lucille Ball. Kisa ni cha kipuuzi na kimejazwa nyimbo na watu mashuhuri wa redio, lakini mtambo wake unafanya kazi bila kukwama, kwa sababu kila siku inayopita unaijua. Mature mwenyewe mwaka huohuo alijiunga na kikosi cha walinzi wa pwani. Huko kaskazini mwa Uingereza, kampuni ya Mancunian ya Manchester ilimtoa mchekeshaji Frank Randle katika Somewhere on Leave, 1943, ambamo askari wa kawaida wanakaribishwa kwenye jumba la kifahari la familia ya mwenzao tajiri. Hapo kicheko chote kinatoka kwenye matope ya buti juu ya zulia la bei.

Kwa mchezo wenu, jambo ambalo ningelishikilia ni hili: amueni mapema likizo inaisha lini, na watazamaji walijue ndani ya dakika tano za kwanza. Katika jeshi la majini la Uingereza mabaharia waligawanywa kwa zamu, nusu wakibaki melini. Waliopata ruhusa walipangwa mstari, wakakaguliwa sare na ofisa, ndipo wakashuka kwenye mashua. Aliyechelewa kurudi alinyimwa likizo zilizofuata. Utaratibu mkavu kama huo ni zawadi kwenu. Mchezo unaweza kufunguka kwa ukaguzi huo, askari watatu wamesimama wima kama mitutu, na tayari mmoja ana kifungo kilichokatika. Hamjasema neno la kuchekesha bado, na ukumbi umeshaanza kumwonea huruma.

Msiwafanye wote watatu wawe wachekeshaji. Trinder angechosha angekuwa peke yake. Anapata nguvu kwa sababu Hulbert haelewi na Wilding ana jambo lingine moyoni. Mpe mmoja sababu ya kweli ya kutaka likizo hiyo, mgonjwa wa kumwona au mchumba anayekaribia kuolewa na mwingine, na sababu hiyo msiitanie hata mara moja.

Kama mnafikiria kuwaweka askari wenu katika historia yetu, wapo wazee wetu wa keya, yaani King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, waliopigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Ila hapo msiinakili likizo ya Kiingereza. Aliyekuwa Burma mwaka 1944 hakuwa na pasi ya saa 48 ya kwenda kumwona mama Muheza. Kati yake na nyumbani kulikuwa na bahari nzima, na bahari ile ilikuwa na nyambizi. Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na karibu watu 1,300 wakafa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Likizo yenye kuchekesha ya keya, kwa maoni yangu, ni ya kabla ya safari: kambi iko Kenya, treni inaondoka alfajiri, na askari ana siku tatu za kufika kwao na kurudi kwa lori, baiskeli na miguu. Watafuteni watoto na wajukuu wa wazee hao hapo Tanga na mikoa ya jirani, waulizeni baba au babu alirudije likizo, alileta nini, alipokewaje na sare yake. Visa vipo ndani ya familia, na vichekesho vyake vina chumvi ya kwetu.

Kabla hamjaanza kuandika, kaeni na vijana mtazame Shoulder Arms kwanza, maana ni fupi na haina maneno, kisha Sailors Three, kisha Seven Days' Leave. Katika kila moja wapeni kazi ya kutazama saa na kuandika dakika ambayo mara ya kwanza tunakumbushwa kwamba askari lazima arudi. Halafu nitumieni rasimu ya onyesho lenu la kwanza, lile la ukaguzi, nami nitalisoma.